Siku Zilizosomeka Sifuri

Hitilafu iliyonifundisha zaidi katika miaka yangu ya kutunza vifaa vya kupimia mvua na maji Upareni haikuwa na sura ya hitilafu. Ilikuwa na sura ya siku isiyo na mvua. Katika jedwali lililokuwa likifika ofisini kwetu Same kupitia mtandao wa simu, safu ya mvua ilisoma 0.0, siku iliyofuata 0.0 tena, kisha 12.4. Yeyote anayeijua wilaya hii kwa kupita tu barabara kuu ya Dar es Salaam na Moshi angeliamini jedwali lile bila kuuliza. Same mjini pako nyuma ya milima. Pepo za kutoka Bahari ya Hindi hushusha mvua yake upande wa pili na kule juu, na huku hufika zimekauka. Makanya wanalima mkonge na kuchimba jasi. Sifuri mahali kama hapa haimshtui mtu.

Kifaa chenyewe, hata hivyo, hakikuwa bondeni. Kilifungwa juu, upande wa Vudee, kando ya ndiva, na mwezi ulikuwa Aprili, katikati ya masika.

Kwa asiyezijua ndiva: ni mabwawa madogo ambayo Wapare wamekuwa wakiyajenga milimani tangu kabla ya ukoloni, yakiwa chini ya koo na kuendeshwa kwa zamu. Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikielekeza moja kwa moja shambani, maji hunywewa na mfereji kabla hayajafika mbali. Kwa hiyo hukusanywa usiku kucha, na asubuhi mlango hufunguliwa yakateremka kwa kishindo cha kutosha kufika shamba la mwisho. Baadhi ya ndiva zimesakafiwa kwa saruji, lakini utaratibu wa zamu umebaki ule ule. Na kwa kuwa maji ya Vudee huteremka kupitia Bangalala hadi Makanya, kila debe linalozuiwa juu lina mtu wa chini anayelihesabu. Mradi ulioniajiri ulifunga vifaa kwenye ndiva kadhaa ili kamati za maji ziwe na takwimu moja ya kuzungumzia, badala ya kila upande kuja na yake.

Takwimu hiyo moja karibu ilete ugomvi. Jedwali la mvua la Aprili lilichapishwa na kubandikwa ukutani siku ya kikao. Watu wa chini wakalisoma kwa makini, wakauliza swali ambalo mimi nisingeweza kuwalaumu kwa kuliuliza: kama mvua haikunyesha juu, yale mahindi ya juu yamenawiri kwa maji ya nani? Watu wa juu wakasema mvua ilinyesha. Wakaonyeshwa karatasi. Ushahidi wa mtu aliyelowa dhidi ya ushahidi wa mashine, na mashine ndiyo iliyosikilizwa. Niliketi pale nikiwatazama wazee wenye umri wa baba yangu wakijitetea mbele ya sifuri, na nikajua kwamba kazi yangu ya wiki zinazofuata imepatikana.

Kifaa kile sisi mafundi tunakiita loga. Ndani yake kuna kompyuta ndogo ya chipu moja, modemu ya simu, betri ya lithiamu inayochajiwa na paneli ndogo ya sola, na chipu ya kumbukumbu ya flashi yenye miguu minane. Nje kuna kipimamvua cha vikombe viwili vinavyobembea kila mvua inapofika milimita 0.2, na kipimo cha kina kilichozamishwa ndani ya ndiva. Kila baada ya robo saa loga huandika rekodi moja ya baiti 16 kwenye flashi. Saa 12 kamili asubuhi huamsha modemu, ikasoma rekodi za jana na kuzituma.

Flashi ni kazi ya Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba huko Japani, aliyeiwasilisha hadharani mwaka 1984. Hutunza habari kwa kunasa elektroni ndani ya kijisehemu kilichozungushiwa kihami pande zote, ndiyo maana umeme ukikatika kilichoandikwa hakipotei. Ina masharti yake, na fundi asiyeyaheshimu masharti hayo atabadili chipu mpaka azeeke. Kuandika kunaweza kugeuza biti kutoka 1 kuwa 0 tu. Ukitaka 1 irudi ni lazima ufute, na kufuta hakufanywi kwa baiti moja moja: ni kitalu kizima, kwa chipu zetu baiti 4,096 kwa mkupuo. Kuandika ukurasa wa baiti 256 kwa kawaida huchukua chini ya milisekunde moja. Kufuta kitalu huchukua milisekunde 45 hivi, na kiwanda hujipa ruhusa ya kufika hata 400. Katika muda huo chipu hupandisha ndani yake volti kubwa kuliko ile inayopewa, na ikinyimwa umeme wa kutosha hapo katikati, seli zake huachwa si 1 wala si 0.

Sehemu iliyofutwa na isiyoandikwa kitu husomeka 1 tupu. Biti 16 zote zikiwa 1 ni 65,535, na kwa loga inayohesabu mvua kwa sehemu za kumi za milimita hiyo ni milimita 6,553.5. Nilipopekua majedwali ya zamani, ya kabla vituo hivi havijawa mikononi mwangu, niliikuta namba hiyo hapa na pale. Mvua ya zaidi ya mita sita kwa robo saa haijawahi kunyesha popote. Aliyekuwa akishughulikia programu wakati huo aliona namba inaharibu grafu, akaongeza mstari mmoja: kipimo kisichosomeka, au kinachopita kiasi, kiandikwe sifuri. Grafu ikanyooka. Nadhani mstari ule ulidhuru zaidi kuliko hitilafu yenyewe. Ile 6,553.5 ilikuwa inaita watu. Sifuri ilikaa kimya miongoni mwa sifuri nyingine za kweli, na hakuna aliyeisumbua.

Matengenezo yaliyokuwa yakifanywa yalikuwa ya aina moja: chipu imeharibika, ibadilishwe. Chipu ikang'olewa, ikaletwa Same, ikawekwa mezani, ikasoma vizuri kabisa. Jambo la kwanza ninalofanya mezani ni kuiuliza chipu jina lake. Ukiipa amri ya 9F, ya kwetu hujibu EF 40 17, yaani mtengenezaji, aina na ukubwa. Ikijibu FF FF FF au 00 00 00, acha chipu ilivyo utafute waya uliokatika au mguu usioshika risasi, kwa sababu hapo huzungumzi na chipu, unasoma waya mtupu. Chipu zetu zilijibu majina yao bila kusita. Zikaandikwa, zikafutwa, zikasomwa, hazikukosea. Ila mezani kuna joto la Same na umeme usioyumba. Kilimani alfajiri kuna baridi na betri iliyochoka. Seli iliyoachwa nusu njia inaweza kusomeka 1 kwenye joto na 0 kwenye baridi. Chipu ilikuwa inaulizwa maswali mepesi mahali pasipo na shida yake.

Kilichonifungua macho ni safu ya pili. Kikao kilibandikiwa mvua peke yake, lakini loga hutuma pia kina cha maji. Nilipofungua rekodi za kila robo saa, safu ya kina nayo ilisoma sifuri palepale ambapo mvua ilisoma sifuri. Ndiva tupu mchana ni jambo la kawaida. Maji yamekwenda shambani. Ndiva tupu saa 8 usiku, usiku baada ya usiku, wakati kijito kinaingia? Nikahesabu mistari ya sifuri ya kipande kimoja: 256. Nikahesabu kipande kingine: 256. Mvua haijui namba 256. Rekodi 256 za baiti 16 ni baiti 4,096 kamili, kitalu kimoja.

Nilipanda mlimani. Msimamizi wa ndiva, mzee anayeijua zamu ya kila ukoo bila kuangalia popote, alinipokea akiwa na jembe mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kukibadilisha tena?"

"Hapana baba. Safari hii nimekuja kukuomba daftari lako."

Nililiona siku nyingi nyuma, daftari la shule la kurasa 96, ambamo huandika kila asubuhi kina cha maji kwa alama za kijiti chake, na pembeni neno moja: jua, mawingu, mvua. Aliliandika kwa ajili ya zamu, ili asije akadaiwa maji ambayo hayakuwepo. Tuliketi barazani, yeye akisoma, mimi nikifuata kwa kidole kwenye karatasi zangu. Mvua. Mvua. Mvua kubwa, ndiva ilifurika usiku, nikafungua kabla hakujapambazuka. Kila palipokuwa na sifuri zangu 256, daftari lilikuwa na mawingu au mvua, na siku kadhaa kabla yake pia. Hakukuwa na kipande hata kimoja kilichopotea baada ya jua la kutosha.

Hapo nilisimamisha kalamu. Loga haikuwa inapoteza siku ovyo ovyo. Ilikuwa inapoteza siku za mvua. Mawingu yanayoleta mvua ndiyo yanayoinyima paneli jua, betri inashuka, na siku inayostahili kurekodiwa kuliko zote ndiyo siku kifaa hakina nguvu ya kuirekodi. Fikiria mtafiti anayechukua takwimu hizo na kupiga wastani. Ataandika kwamba mvua ya masika Vudee inapungua, atatoa na grafu, na kila hesabu yake itakuwa sahihi.

Likabaki swali lililonisumbua zaidi: kituo cha jirani, ng'ambo ya bonde, kina kifaa cha aina ile ile, mawingu yale yale, betri ya umri ule ule, na hakipotezi kitu. Jibu lilikuwa kwenye hesabu ndogo. Kitalu kimoja hujaa baada ya saa 64, ndipo kinachofuata hufutwa. Kama ufutaji wa leo umeangukia saa 12 asubuhi, unaofuata utaangukia saa 4 usiku, wa tatu saa 8 mchana, na wa nne utarudi saa 12 asubuhi, siku nane kamili tangu ule wa kwanza. Loga ya Vudee ilikuwa imewashwa kwa bahati hiyo: mara moja kila siku nane, kufuta na kuamka kwa modemu kuligongana. Ya jirani iliwashwa saa nyingine, na ufutaji wake hauikuti modemu kamwe. Vifaa viwili pacha, kimoja mgonjwa, kingine mzima, kwa sababu ya dakika ambayo fundi alibonyeza swichi.

Nililala kwa mzee usiku wa kuamkia siku ya nane, nikiwa na osiloskopu ndogo ya mkononi. Waya mmoja niliufunga kwenye njia ya volti 3.3 inayolisha flashi, mwingine kwenye mguu wa kuichagua chipu. Mita ya kawaida haingesaidia chochote. Huonyesha wastani, na nilichokitafuta ni kitu cha kupepesa. Modemu ya 2G ikizungumza na mnara hutuma kwa vishindo, 217 kila sekunde, kila kimoja chini ya milisekunde moja, na kila kishindo kinaweza kuvuta hadi ampea 2. Saa 12 ilipofika ukungu ulikuwa umelala juu ya ndiva na vidole vyangu vilikuwa vizito. Amri ya kufuta ikatoka. Programu haikusubiri jibu. Ikaiamsha modemu papo hapo. Na ule mstari ulionyooka wa volti 3.3 ukaanza kuchimbika mashimo yanayoshuka chini ya volti 2.7, kiwango ambacho chini yake mtengenezaji wa chipu hakuahidi lolote.

Kompyuta ndogo haikugundua jambo. Yenyewe huvumilia hadi volti 1.8, kwa hiyo haikuzimika wala kujiwasha upya. Iliendelea na kazi ikiamini kitalu kimefutwa. Tena ilikuwa ikipima betri kila asubuhi na kutuma namba nzuri, kwa sababu ilipima kabla ya kuamsha modemu, betri ikiwa haijabebeshwa mzigo. Kwa hiyo kila kiungo kilitoa taarifa njema, na kosa lilikuwa kati yao, ndani ya muda mfupi kuliko kufumba jicho.

Dawa haikuwa ghali. Programu sasa haiamshi modemu mpaka chipu iseme yenyewe kwamba imemaliza; kuna biti moja kwenye rejista yake ya hali kwa ajili hiyo, na inatosha kuisoma. Kapasita kubwa imefungwa jirani na modemu ili vishindo vinywe kutoka pale kwanza, na waya mwembamba mrefu wa betri umebadilishwa kwa mnene na mfupi. Ulinzi wa volti ndogo umepandishwa ili kompyuta isimame kabla kumbukumbu haijaumia. Na kitalu kinachofuata hufutwa mapema, saa 7 mchana, betri ikiwa imeshiba jua, hata kama zamu yake bado iko mbali. Nilipomweleza mzee hili la mwisho alitikisa kichwa, akasema ni kama mtu anayesafisha mfereji kabla maji ya zamu yake hayajafunguliwa. Sijapata maelezo bora kuliko hayo, na huyatumia ninapowafundisha vijana.

Siyo kila flashi inayolalamika inasumbuliwa na umeme. Loga yetu ya bondeni, karibu na Makanya, ina jua la kumwaga mwaka mzima, na ilikufa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ilikuwa toleo la zamani, lenye programu tofauti. Rekodi zake zilizunguka chipu nzima vizuri. Kwa baiti 1,536 kwa siku, chipu ya megabaiti 8 huchukua karibu miaka 15 kujaa mara moja, hivyo uchakavu haukupaswa hata kutajwa. Ila aliyeandika programu alihitaji kukumbuka amefika wapi, akaiweka namba hiyo ya mahali kwenye kitalu kimoja kisichohama, kinachofutwa na kuandikwa upya kila robo saa. Mara 96 kwa siku. Mtengenezaji anaahidi ufutaji 100,000 kwa kitalu. Gawanya, utapata siku 1,041. Shamba zima la kumbukumbu likiwa karibu jipya, kipande kimoja kilikuwa kimechakaa hadi kihami chake kinavuja, na bila kipande hicho loga haikujua pa kuanzia. Toleo la sasa haliweki alama ya mahali popote. Kila rekodi ina namba yake ya mfuatano, na loga ikiamka hutafuta namba kubwa kuliko zote.

Makosa ya namna hii hayachagui nchi maskini. Februari 2021 kampuni ya Tesla ililazimika kuyarudisha karakana magari yapatayo 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani, kwa sababu chipu ya flashi ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya dashibodi ilikuwa ikichakaa kwa kuandikwa mno. Ikishakufa, dereva alikosa picha ya kamera ya nyuma na uwezo wa kuondoa ukungu kwenye kioo. Fundi wa Makanya na mhandisi wa California wanaweza kukaa meza moja wakaelewana mara moja.

Na Januari 2004, gari la Spirit la shirika la NASA, wiki chache tu baada ya kutua Mars, lilianza kujizima na kujiwasha mfululizo. Mafaili yalikuwa yamerundikana kwenye flashi yake mpaka orodha yake haikuenea tena kwenye kumbukumbu ya kufanyia kazi; kila lilipoamka lilijaribu kuifungua flashi, likashindwa, likaanza upya. Wahandisi waliliokoa kwa kuliamuru liamke bila kuigusa flashi kabisa, kisha wakafuta mafaili na kuiandaa upya. Gari lile liliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010. Nilipolisoma tukio hilo niliongeza kitu kimoja kwenye kila loga ninayoisimamia: kipini kidogo ambacho kikiunganishwa, loga huamka bila kumbukumbu, ikapima na kutuma moja kwa moja. Kituo kilichopoteza kumbukumbu kinaweza bado kusema mvua inayonyesha sasa hivi, na kwa mtu anayesubiri mafuriko chini huko, hiyo ni nusu ya kazi.

Kwa vituo vinavyotumia memori kadi nina neno fupi. Kadi ya bei ya kutupa inayodai gigabaiti 32 inaweza kuwa na 8 tu nyuma ya lebo, na itakubali kila unachoiandikia bila kunung'unika. Ijaze yote, isome yote, ndipo uipandishe mlimani.

Wananchi wengi wa Same waligusa kumbukumbu ya kifaa mwaka 2024 bila kuambiwa hivyo. TANESCO ilipowataka wateja wa mita za umeme za LUKU kuingiza makundi ya ziada ya tarakimu 20 kabla ya tarehe 24 Novemba, majirani walikuja kwangu na karatasi wakiuliza kama wanaibiwa. Hawakuwa wanaibiwa. Kila tokeni ya umeme hubeba muda wake, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993 ndani ya biti 24, na biti hizo zilikuwa zinaishiwa nafasi siku ile duniani kote. Mita hukumbuka tokeni zilizokwisha kutumika ili isizikubali mara ya pili. Tarakimu zile ziliipa mwanzo mpya wa kuhesabia na kuifutia orodha ya zamani. Nilichowaambia majirani ni kile kile nilichoiambia kamati ya maji: una haki ya kujua namba imetoka wapi.

Na watu wa milima hii wamekuwa wakiuliza swali hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi kupinga kodi ya mbiru, iliyomtoza kila mtu kwa makadirio ya mali yake. Sehemu kubwa ya hasira yao ilikuwa juu ya makadirio hayo: nani amehesabu, amehesabu nini, na amejuaje? Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare na mwanahistoria, aliandika kijitabu juu ya mgomo ule. Nilipoona karatasi yetu ukutani ikiwahukumu wazee kwa sifuri zisizo na asili, nilijua ninasimama upande gani.

Kwa hiyo kabla ya kurekebisha waya wala kapasita, kitu cha kwanza nilichokiondoa kilikuwa ule mstari wa programu. Kila rekodi sasa hubeba tarakimu za ukaguzi zinazokokotolewa kutokana na baiti zake. Zisipolingana, jedwali huacha nafasi wazi na kuandika sababu. Baadhi ya watumiaji hawakufurahi. Mmoja aliniomba nijaze mapengo ya nyuma kwa wastani wa vituo vya jirani, kwa kuwa programu yake ya uchambuzi haikubali nafasi tupu. Nikampa nakala ajaze mwenyewe kwa jina lake. Jedwali la kamati nililijaza kwa kitu kimoja tu, daftari la mzee, tena katika safu yake ya pekee: mvua, mvua, mvua kubwa. Kikao kilichofuata alisimama akalisoma yeye mwenyewe. Mjumbe kutoka chini aliomba kulishika, akafunua kurasa moja baada ya nyingine, akauliza kama kamati inaweza kumnunulia na msimamizi wa kwao daftari kama lile. Likanunuliwa.

Nguvu yangu sasa nimeielekeza kwenye ununuzi. Masharti ya zabuni huandikwa kwa kunakili: usahihi wa kipimo, aina ya laini, udhamini wa mwaka. Naomba yaongezwe mengine: kifaa kitofautishe sifuri na kutokuwepo kwa kipimo, kiandike volti ya betri ikiwa chini ya mzigo, na kizimwe ghafla mara nyingi kikiwa kinaandika na kufuta, mbele ya mnunuzi, kabla ya malipo. Muuzaji mmoja aliyekuja na sampuli yake aliliona sharti hilo la tatu kuwa la ukatili. Nilimwambia mlimani kitazimwa hivyo hivyo, na hakuna kati yetu atakayekuwepo. Akakubali. Tukakizima na kukiwasha pale mezani asubuhi nzima, na kabla ya saa 9 mchana mfumo wake wa mafaili ulikuwa haufunguki. Alikifunga kwenye boksi lake, akachukua na orodha ya vipimo vyetu, akasema atarudi nacho mafundi wake wakishaandika upya sehemu ya kuhifadhi.